Herufi Mbili za Jina Langu: Niliyoyapitia Hadi Kupata Ukaazi wa Kudumu wa Marekani

Niliporudi Mombasa kwa likizo ya wiki tatu, ya kwanza tangu nihame, kila jioni baada ya sala ya Isha nilikuwa nikiketi barazani petu Kibokoni, na hakukosekana kijana wa kuniuliza swali lile lile: "Kaka Athman, siku ile ya ubalozini uliulizwa nini?" Jibu langu liliwavunja moyo wengi wao, kwa sababu mahojiano yenyewe hayakufika hata dakika ishirini, na sehemu kubwa ya maswali ni maswali ambayo mtu yeyote mwenye ndoa ya kweli angeyajibu akiwa usingizini. Kilichonichosha, kikanilia fedha na nusura kiniharibie kila kitu, ni makaratasi, hasa namna jina langu lilivyoandikwa katika makaratasi hayo, na miezi miwili ya maisha yangu ambayo niliisahau. Naandika kwa ajili ya wale wanaongoja barua ya mwisho ya kuitwa, na zaidi kwa ajili ya wale ambao bado hawajajaza fomu ya kwanza, kwa kuwa wao ndio wenye nafasi ya kuyaepuka makosa yangu.

Ni vyema nianze kwa kukiri jambo la aibu. Kabla ya kuhama nilifanya kazi ya uwakala wa forodha katika bandari ya Mombasa kwa karibu miaka kumi, na kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha hati: manifesti ya meli, hati ya shehena, ankara ya muuzaji na tamko la forodha, kuona kwamba jina la mwenye mzigo na namba ya kontena ni zile zile katika kila karatasi. Nimeona kontena likikaa bandarini kwa juma zima, gharama za uhifadhi zikipanda kila kukicha, kwa sababu ya herufi moja. Nilijihesabu fundi wa makaratasi. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na mimi sikuwahi hata siku moja kuziweka hati zangu mwenyewe mezani nikazilinganisha.

Mke wangu alikwenda Marekani kabla hatujaoana, kwa ile bahati nasibu ya viza iliyokuwa ikiendeshwa kila mwaka, na baada ya kukaa muda unaotakiwa aliapishwa kuwa raia mwaka 2020. Tulioana Mombasa Desemba 2021. Uraia wake ulikuwa na maana kubwa kwetu, na nimekuta watu wengi hawaijui tofauti hii: kwa sheria ya Marekani, mume au mke wa raia huhesabiwa kuwa jamaa wa karibu, na viza za kundi hilo hazina ukomo wa idadi kwa mwaka, ilhali mume au mke wa mtu mwenye kadi ya kijani tu, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, huingia katika kundi lenye idadi maalumu, na anaweza kukaa katika foleni muda mrefu zaidi. Kwa hiyo yule anayeharakisha kutuma ombi mwenzake akiwa karibu kuwa raia afanye hesabu zake kwa utulivu.

Mke wangu alituma fomu ya I-130, yaani ombi la kumleta jamaa, Mei 2022 na akalipa dola 535, ambayo ilikuwa ada ya wakati ule; tangu Aprili 2024 ada hiyo imepanda. Kisha tukangoja. Juu ya kungoja sina mengi ya kusema isipokuwa kwamba ni kazi yenye kuchosha kuliko kupakua magunia, na kwamba wanandoa waliotenganishwa na bahari na saa saba au nane za tofauti hugombana kwa mambo madogo sana. Sisi tuligombana kwa sababu ya picha ambayo sikuijibu kwa siku mbili. Ilikuwa Februari 2023 ilipokuja barua, nami nikadhani ni ya idhini. Ilikuwa ya kutaka maelezo: mwombaji anasema mumewe anaitwa Athman, lakini cheti cha ndoa kinasema bwana harusi ni Uthman, leteni ushahidi kwamba hawa ni mtu mmoja. Tulipewa chini ya miezi mitatu kujibu.

Usiku ule ndipo nilipofungua kasha la chuma ambamo marehemu mama alihifadhi hati zote za nyumba, nikazitandika karatasi zangu juu ya mkeka. Cheti cha kuzaliwa: Athumani. Kitambulisho cha taifa na pasipoti: Athman. Cheti cha shule ya sekondari: Othman. Cheti cha ndoa: Uthman, kwa kuwa aliyekijaza aliliandika jina langu kama linavyosomwa Kiarabu, nami siku ile nilikuwa nimevaa kanzu mpya na joho, natabasamu tu, sikukisoma nilichotia saini. Kwa mtu wa pwani majina hayo manne ni jina moja. Tunaitana vyovyote na kila mmoja hugeuka. Kwa afisa aliyeketi ofisini ng'ambo ambaye hajawahi kumsikia shekhe akiswalisha, hao ni wanaume wanne, na mmoja wao tu ndiye aliyemwoa mwombaji.

Nikagundua na la pili. Nilizaliwa nyumbani, kwa mkono wa mkunga, kama walivyozaliwa wengi wa rika langu katika Mji wa Kale, na cheti changu cha kuzaliwa kilitafutwa mwaka 2004 nilipohitaji kitambulisho cha taifa. Cheti kilichoandikishwa miaka kumi na minane baada ya mtu kuzaliwa hakina uzito sawa na kilichoandikishwa wiki ya kuzaliwa, kwa hiyo nilishauriwa nikiongezee nguvu: rekodi ya shule ya msingi yenye tarehe yangu ya kuzaliwa, na hati ya kiapo ya mtu mzima aliyekuwapo siku hiyo na anayeifahamu habari kwa macho yake.

Aliyekuwapo na ambaye bado yu hai ni shangazi yangu wa Kuze. Nilimchukua kwa tuktuk hadi kwa wakili karibu na Treasury Square, akiwa amejifunga buibui lake la kwendea harusini, kwa kuwa aliona kuapa si jambo dogo. Wakili akamwuliza kwa adabu, "Bibi, huyu alizaliwa tarehe ngapi?" Shangazi akajibu bila kusita kwamba nilizaliwa Mfunguo Sita, usiku wa pili baada ya Maulidi, na kwamba mashairi ya kaswida yalikuwa bado yamemkaa kichwani alipotumwa kwenda kumwita mkunga. Wakili akatazama dari. Ilinibidi nitafute kwenye simu kalenda ya kubadilisha miezi ya Kiislamu, tukapiga hesabu pale pale mezani, na Maulidi ya mwaka ule ikaangukia katikati ya Novemba 1986, sawasawa na tarehe iliyo kwenye kitambulisho changu. Hati ikaandikwa kwa tarehe ya Kizungu, lakini nilimwomba wakili aweke na maneno ya shangazi kama alivyoyasema, naye akakubali. Mpaka leo naamini sentensi ile ilinifaa kuliko mihuri yote, kwa sababu inasikika kama kauli ya mtu aliyeona.

Kuhusu majina, uamuzi wa kwanza na wa maana ni kuchagua mwandiko mmoja na kuyavuta mengine yote yaufuate. Mimi nilichagua ule wa kitambulisho na pasipoti, kwa sababu ndio utakaochapwa kwenye viza. Nilimwona ndugu mmoja aliyefanya kinyume, akabadilisha pasipoti ifuate cheti cha kuzaliwa, na matokeo yake kitambulisho, akaunti ya benki na leseni yake ya udereva vyote vikawa vya mtu mwingine. Cheti cha ndoa nilirudi nikaomba kirekebishwe na jambo hilo halikuchukua muda. Cheti cha kuzaliwa kilinichukua miezi sita katika ofisi moja ya usajili ambayo kila nilipokwenda ilinitaka karatasi ambayo haikunitajia mara iliyotangulia. Baada ya safari ya tatu nilianza kumwomba afisa aliye dirishani aniandikie kwa mkono wake orodha ya vinavyotakiwa na atie tarehe. Hakupenda, lakini aliandika, na tangu siku hiyo orodha haikuongezeka.

Hapa katikati nilifanya upumbavu ambao natamani ningeuficha. Bwana mmoja mwenye ofisi ndogo ya vyumba viwili, kompyuta mbili na bendera ya Marekani ukutani, aliniambia kwamba ana mtu wake ndani wa "kusukuma faili". Nilimpa shilingi 15,000 bila risiti. Alinionyesha ukurasa wenye nembo na namba yangu ya kesi, namba ambayo nilikuwa nimempa mwenyewe dakika tano kabla, nami nikashukuru. Baada ya mwezi simu yake haikupatikana na ofisi ilikuwa imegeuka duka la kuuza vifuniko vya simu. Hakuna mtu wa kusukuma faili. Hali ya kesi huonekana bure mtandaoni kwa namba ya kesi, na barua zote halali huja kwa mwombaji au kwa yule aliyemwombea. Fedha zile zingetosha nauli ya treni ya Nairobi mara kumi.

Ombi liliidhinishwa Oktoba 2023, likapelekwa katika kituo cha viza kilichoko New Hampshire, ambacho kazi yake ni kukusanya ada na hati kabla ya kuikabidhi kesi kwa ubalozi. Ada ni mbili, dola 325 kwa ombi la viza na dola 120 kwa kukaguliwa kwa hati ya udhamini, na zote hulipwa mtandaoni kutoka akaunti ya benki ya Marekani, kwa hiyo mwenzako aliyeko huko ndiye atakayelipa. Tulilipa Januari 2024, dola moja ilipokuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160, na jumla ikawa kama shilingi 71,000. Udhamini wenyewe ni fomu ya I-864, ambayo mwenzako huahidi kisheria kukubeba, na hutakiwa awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa. Kwa nyumba ya watu wawili mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa dola 25,550 kwa mwaka. Kipato cha mke wangu kilitosha, lakini katika ripoti yake ya kodi alikuwa amejiandikisha kama asiyeolewa, kwa mazoea ya miaka iliyotangulia. Ilibidi arekebishe ripoti, kwa kuwa huwezi kuiambia idara moja ya serikali kwamba una mume na kuiambia nyingine kwamba huna.

Cheti cha tabia njema kilikuwa kazi nyepesi kuliko zote: niliomba kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, nikalipa shilingi 1,050, nikapigwa alama za vidole Huduma Centre ya barabara ya Digo. Uchunguzi wa afya ni lazima ufanywe kwa madaktari walioidhinishwa, nao wako Nairobi, kwa hiyo nilikwenda mwishoni mwa Julai kwa basi la usiku kutoka Mwembe Tayari. Walinipiga picha ya kifua, wakachukua damu na mkojo, wakaniuliza historia ya chanjo ambayo sikuwa nayo hata moja kwa maandishi, wakanichoma sindano kadhaa siku ile ile. Mwenye kadi ya chanjo aende nayo. Itampunguzia gharama na maumivu. Na akumbuke kwamba uchunguzi huo kwa kawaida hudumu miezi sita, na viza hukatwa kufuata tarehe hiyo. Asiyejua hilo huwahi kupimwa mapema mno kwa kujipa moyo, kisha akajikuta anapimwa mara mbili.

Barua ya mwisho ilinitaka nifike ubalozini Jumanne moja ya Agosti 2024. Nilipanda treni ya alasiri ya siku iliyotangulia kutoka Miritini, shilingi 1,500 daraja la kawaida, nikiwa na faili lenye vigawanyo na lebo kama nilivyokuwa nikiwaandalia wateja wa bandarini. Baada ya Voi jua lilipoanza kushuka, nikatoa kila hati nikaikagua tena kwa ajili ya kupoteza muda tu. Nilikuwa nimebeba na pasipoti yangu ya zamani, iliyokwisha muda wake, kwa sababu barua ilitaja pasipoti za zamani, wala sikuwa na sababu nyingine. Nikaifungua. Muhuri wa kuingia Dubai: Machi 2010. Muhuri wa kutoka: Aprili 2011.

Katika fomu ya DS-260, ile ya ombi la viza, nilikuwa nimeandika kwamba nilikaa Dubai miezi kumi na moja.

Sikusema uongo. Nilikwenda kufanya kazi ya ukarani wa ghala, na kwa miezi kumi na moja nililipwa mshahara. Miezi miwili ya mwisho nilikuwa nikidai haki yangu kwa mwajiri, nalala chumba kimoja na watu wanane, nakula kwa hisani ya Wakenya wenzangu. Kumbukumbu yangu ilihesabu miezi ya malipo ikaiacha ile ya dhiki. Tatizo ni kwamba aliyeishi katika nchi nyingine kwa miezi kumi na miwili au zaidi, akiwa ametimiza miaka kumi na sita, hutakiwa kuleta cheti cha polisi cha nchi hiyo. Kwa fomu yangu ilivyosomeka sikutakiwa. Kwa mihuri ilivyosomeka nilitakiwa, na sikuwa nacho.

Nilimpigia binamu yangu wa Eastleigh ambaye ndiye aliyenipangia malazi. "Nyamaza," alisema. "Usilolijua ni usiku wa giza, nao hawalijui. Iache hiyo pasipoti nyumbani." Kisha nikampigia mke wangu, ambaye alikuwa kazini, akatoka nje kunisikiliza. Alinyamaza kidogo akaniambia niseme mapema, nisingoje niulizwe. Sikulala vizuri. Si kwamba nilikuwa mtu mwema kuliko binamu. Nilikuwa najua, kwa kazi ya forodha, kwamba kosa analolitaja mwenye mzigo huitwa marekebisho, na kosa analolikuta mkaguzi huitwa udanganyifu. Sheria ya uhamiaji ya Marekani nayo ni kali kwa jambo hilo, kwa kuwa anayeonekana kupotosha ukweli wenye uzito kwa makusudi anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba hata nikisema, sitaaminiwa.

Ubalozi uko Gigiri, Nairobi, katika barabara ya Umoja wa Mataifa, ulipohamishiwa baada ya lile jengo la katikati ya mji kulipuliwa Agosti 7, 1998, na ukali wa ukaguzi langoni mtu auelewe kwa historia hiyo. Nilikuwa nimeiacha simu nyumbani kwa binamu, nimevaa saa ya mkono na kushika faili pekee, na sikuchelewa kwa sababu niliondoka Eastleigh alfajiri kabla ya msongamano. Ndani ni kungoja, kuitwa dirishani kukabidhi hati halisi, kungoja tena, kupigwa alama za vidole, kisha kungoja dirisha la afisa mwenyewe. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa dirisha la jirani alihojiwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani, akajibu kwa ukamilifu na heshima zote, huku vijana kadhaa tuliojifanya wajuzi wa Kiingereza tukigugumia. Asiyejiamini kwa Kiingereza aombe lugha yake, haipunguzi chochote.

Afisa aliniapisha kwa kuinua mkono wa kulia kwamba yote nitakayosema ni kweli na kwamba yaliyomo katika fomu yangu ni kweli. Hapo moyo ulidunda hadi nikausikia masikioni. Nikasema kwamba kabla sijaapia fomu naomba kusahihisha jambo moja, nikamsukumia pasipoti ya zamani chini ya kioo na kumweleza kuhusu miezi kumi na mitatu, mwajiri na mshahara. Aliitazama mihuri, akaandika, akanitazama, akaandika tena. Hakusema neno. Kisha akaendelea na maswali mengine kana kwamba sikusema kitu.

Aliniuliza tulivyojuana, mke wangu anafanya kazi gani na zamu gani, anaishi na nani, amekuja Kenya mara ngapi tangu tuoane. Aliuliza mahari yalikuwa kiasi gani, kwa kuwa yameandikwa katika cheti, nikamtajia. Kisha akafungua bahasha ya picha na kukunja uso. Picha za harusi zilikuwa arobaini, na katika arobaini hizo hapakuwa na bi harusi. Kuna mimi msikitini nimezungukwa na wanaume wenye kanzu. Mimi na walii wake tumeshikana mikono. Mimi na ami zangu mbele ya sinia ya pilau. Akauliza, kwa sauti isiyo ya ukali, mke yuko wapi.

Ilinibidi nimweleze desturi ambayo kwetu haihitaji kuelezwa: kwamba nikahi hufungwa msikitini kati yangu na walii, bi harusi akiwa nyumbani, kwamba usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu, na picha zake hazitoki nje ya mikono yao, kwamba nilimwona mke wangu kwa mara ya kwanza kama mke wangu chumbani, wala hapakuwa na mpigapicha. Kwa bahati mke wangu alikuwa ameyawazia hayo, akaniwekea picha nyingine kumi na mbili nyuma ya faili: sisi wawili ufukweni Mama Ngina tukila mihogo ya kukaanga, sisi na shangazi mlangoni Kuze, sisi uwanja wa ndege wa Moi safari zake zote tatu, na katika kila moja nyuma imeandikwa tarehe. Afisa alizitazama hizo muda mrefu kuliko zile arobaini. Wanaooana sasa kwa desturi yetu na wanaojua kwamba karatasi zitafuata, nawasihi wapige picha hizo za kawaida, zenye ndugu wa pande zote mbili, wasingoje kuambiwa.

Mwishoni alinipa karatasi. Aliniambia kwamba ndoa haina tatizo kwake, lakini hawezi kutoa viza bila cheti cha polisi cha Dubai, na kwamba nina mwaka mmoja wa kukileta. Karatasi ilitaja kifungu 221(g), na jioni nilipoangalia hali ya kesi mtandaoni neno nililolikuta lilikuwa "imekataliwa". Nilijua maana yake ni kusimamishwa hadi hati ikamilike. Hata hivyo nililia, ndani ya treni ya usiku, nikiwa nimegeuzia uso dirishani ambako hapakuwa na kitu cha kuona ila giza la Tsavo. Binamu alinitumia ujumbe mfupi: "Nilikwambia."

Cheti kile kilinichukua wiki saba. Ilibidi alama za vidole zichukuliwe upya Mombasa, zithibitishwe, zisafirishwe, na kila hatua ina ada yake. Hofu yangu kubwa ilikuwa uchunguzi wa afya, ambao muda wake ungekwisha Januari, na kila wiki iliyopita ilikuwa ikiula upande mmoja. Nilikabidhi cheti Oktoba, na Novemba 2024 pasipoti ikarudi ikiwa na viza. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuisoma herufi kwa herufi: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, aina ya viza. Kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa imepita miaka miwili, ukaazi wangu haukuwa wa masharti. Ambao ndoa yao haijatimiza miaka miwili siku ya kuingia hupewa kadi ya miaka miwili, na hutakiwa kuomba masharti yaondolewe katika siku 90 za mwisho kabla haijaisha.

Viza si ukaazi. Hili nililielewa kikamilifu pale New York tu, baada ya saa kama kumi na tano angani kutoka Nairobi, kwa maana mtu huwa mkaazi wa kudumu anapokubaliwa kuingia katika uwanja wa kwanza anaotua, hata kama safari yake inaendelea mji mwingine. Kwa hiyo asipange ndege ya kuunganisha kwa muda mfupi. Nilipelekwa chumba cha pembeni pamoja na familia nyingine, nikangoja saa moja na nusu, nikapigwa alama za vidole, na afisa akagonga muhuri juu ya viza. Tangu hapo viza ile ikawa uthibitisho wangu wa ukaazi kwa mwaka mmoja wakati nikingoja kadi. Ada ya kadi, dola 235, nilikuwa nimeilipa mtandaoni kabla ya kuondoka, na kadi yenyewe ikaja kwa posta baada ya wiki saba.

Siku ya pili ya likizo hii nilikwenda Kuze kumwamkia shangazi. Aliniuliza iko wapi hiyo karatasi iliyompeleka kwa wakili, nikamtolea kadi kwenye pochi. Alivaa miwani, akaishika kwa ncha za vidole kama anayeshika picha mbichi, akaisogeza dirishani na kuisoma kwa herufi moja moja.

"Athman," alisema. Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Babako alikwita Athumani. Hawa nao wamekukata mkia."

Nilimweleza kwamba ndivyo ilivyo kwenye pasipoti, na kwamba sasa hati zote zimelingana. Akanirudishia kadi, akavua miwani, akaniambia niingie ndani nile, kaimati zilikuwa zinapoa.